Ripoti imepokelewa kwa sifa, ankara haijalipwa: nianzie wapi?

Ndugu mwandishi wa safu,

Niliacha ajira na sasa ninafanya kazi kama mshauri mwelekezi wa kujitegemea. Ninazisaidia taasisi kuandika upya taratibu zao za ndani na kuwafundisha wafanyakazi wao namna ya kuzitumia. Kazi zinapatikana, na sijawahi kusikia malalamiko kuhusu ubora wake. Kinachoninyima usingizi ni namna ya kudai fedha zangu.

Mteja wa kwanza ni taasisi kubwa. Aliyeniita ni mkuu wa mradi, mtu aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi na ambaye hadi leo ninamwita kaka. Tulikubaliana malipo ya jumla, nikafanya kazi, na ripoti ikapokelewa kwa sifa mbele ya wakubwa wake. Nilimwandikia barua pepe yenye kiasi ninachodai na namba ya akaunti yangu ya benki. Tangu hapo miezi minne imekatika, na kila nikimpigia ananijibu, "Mdogo wangu, vuta subira, iko kwa wahasibu." Hivi karibuni nilijikaza nikawapigia wahasibu wenyewe. Wakaniambia kwamba hawana ankara yoyote yenye jina langu, na kwamba hata nikiileta lazima iwe na namba ya oda ya ununuzi, kitu ambacho sikuwahi kupewa. Ninaona aibu kumrudia kaka kwa jambo hili, maana ndiye aliyenifungulia mlango.

Mteja wa pili ni kampuni ndogo. Tulipatana kwa mdomo kwamba nitalipwa kwa siku. Nilipowapelekea hesabu walisema kwamba siku ni nyingi mno, na kwamba hawawezi kulipia simu za usiku wala muda niliotumia kusoma nyaraka zao kabla ya kuanza. Wamelipa sehemu tu, na hata hiyo ilifika ikiwa pungufu: walisema wamekata kodi, na benki nayo ikakata chake.

Naomba unisaidie. Nimdai vipi mtu ninayemheshimu bila kuharibu undugu wetu? Ankara yenyewe iandikweje? Je, nizuie vitabu vya mafunzo ambavyo bado sijamkabidhi kaka, hadi nilipwe? Na tena, wiki hii kaka amenipigia kunipa kazi nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza. Niikubali?

Wako,
Mdai Mwenye Aibu

Ndugu Mdai,

Niruhusu nianze na yale uliyoambiwa na wahasibu, kwa sababu ndiyo yanayoeleza miezi yako minne. Kuridhika kwa mkuu wa mradi hakutoshi kuifanya taasisi kubwa ilipe. Hulipa baada ya karatasi tatu kukutana mezani na kusema jambo lilelile: oda ya ununuzi, inayoonyesha kwamba mtu mwenye mamlaka aliidhinisha matumizi hayo kabla ya kazi kuanza, uthibitisho wa mapokezi, unaoonyesha kwamba kazi iliyoagizwa ilifanyika, na ankara, inayoonyesha nani anadai, kiasi gani, na kwa kazi ipi. Mhasibu huzilinganisha, na ikiwa jina, kiasi au namba havioani, ankara huwekwa kando, mara nyingi bila mwenyewe kuarifiwa. Zikioana, hupangiwa siku ya malipo pamoja na ankara nyingine, kwa kuwa ofisi nyingi hulipa kwa mafungu, mara moja kwa wiki au mara mbili kwa mwezi, na anayekosa fungu moja husubiri lijalo. Barua pepe uliyomwandikia kaka haikuingia katika mkondo huo hata siku moja. Ukifungua vitabu vya taasisi hiyo leo, hutakuta mahali palipoandikwa kwamba unadai.

Ninaamini kwamba kaka hakukudanganya. Wakuu wa miradi wengi hawajui kinachotokea baada ya wao kusema "sawa", na wanaposema jambo liko kwa wahasibu huwa wanasema wanachodhani. Kuna mteja asiyetaka kulipa, na kuna mteja ambaye ofisi yake haijapewa kitu cha kulipia. Huyu wa pili hamalizwi kwa ukali wala kwa subira. Wako, kwa jinsi ulivyoeleza, ni wa pili, na hiyo ndiyo sababu ya kuamini kwamba unaweza kumdai bila undugu wenu kuguswa.

Wanaoona aibu kudai huwa na kawaida ya kuuliza kwa mzunguko: "Kaka, vipi kile kitu chetu?" Swali la namna hiyo halina jibu jingine ila "kinashughulikiwa", na kila mmoja hukata simu akijisikia vibaya kidogo. Uliza jambo ambalo jibu lake ni namba, tarehe au karatasi, tena kwa maandishi. Mwandikie hivi, au kwa maneno yako mwenyewe yenye maana hiyo:

"Kaka, wahasibu wamenieleza kwamba ankara yangu haiwezi kusajiliwa bila namba ya oda ya ununuzi, pamoja na uthibitisho wa maandishi kwamba ripoti ya mwisho ilipokelewa. Haya mawili yanaanzia kwako. Naomba unisaidie kuyapata kabla ya Ijumaa, nami nitawapelekea ankara kamili moja kwa moja ili wasikusumbue tena."

Utaona kwamba barua hiyo haitaji fedha wala haimlaumu mtu, na inamwomba kitu ambacho yeye peke yake anaweza kukitoa. Oda inayotolewa baada ya kazi kukamilika huwatia wahasibu wasiwasi, kwa haki kabisa, na katika taasisi nyingi aliyeagiza kazi hutakiwa kuandika maelezo ya kwa nini utaratibu haukufuatwa. Maelezo hayo huwezi kuyaandika wewe. Ukimpa kaka nakala ya barua pepe mlizoandikiana mlipokubaliana, pamoja na tarehe uliyokabidhi ripoti, utakuwa umemrahisishia nusu ya kazi.

Sasa ankara yenyewe. Ile barua pepe ya kwanza iache ilivyo, usiihesabu kuwa ankara. Andaa hati mpya, yenye neno "Ankara" juu kabisa ili asiwepo wa kuidhania kuwa makadirio. Iwe na jina lako kamili au la biashara yako, anwani, na namba ya mlipakodi. Iwe na namba yake yenyewe isiyojirudia, katika mfululizo usio na mapengo, kwa mfano mwaka ukifuatiwa na namba ya ankara katika mwaka huo. Si lazima uanze na moja, ila ukishaanza usiruke, kwa sababu mkaguzi wa kodi akikuta pengo ataulizia ankara iliyopotea. Ukikosea ankara ambayo imekwisha kutoka, usiifute kimyakimya na kutoa nyingine kwa namba ileile. Toa hati ya kuibatilisha, kisha ankara mpya yenye namba mpya.

Jina la mteja liwe lile lililosajiliwa kisheria, hata kama kila mtu huiita taasisi hiyo kwa kifupi chake au kwa jina la mradi. Hili huonekana dogo, lakini ankara yenye jina la mradi inaweza kukwama kwa sababu mradi hauna akaunti ya benki. Mwenye akaunti ni taasisi. Chini ya jina weka namba ya oda au ya mkataba. Tarehe andika kwa jina la mwezi, kwa kuwa 03/04 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni Machi 4. Vivyo hivyo, usiandike tu "malipo ndani ya siku 30". Siku hizo zinahesabiwa tangu ankara ilipotolewa, ilipopokelewa au ilipoidhinishwa? Kila ofisi itachagua inayoipendeza. Hesabu mwenyewe kwa kufuata mkataba, kisha andika siku yenyewe ya mwisho ya kulipa. Kama mteja yuko nchi nyingine, taja sarafu kwa herufi zake tatu za kimataifa, kwa sababu dola ziko za nchi nyingi.

Sehemu ambayo washauri wengi huiandika kwa uvivu ni maelezo ya kazi. Neno moja, "Ushauri", likifuatiwa na kiasi kikubwa, humlazimisha mhasibu asiyekujua kuuliza, naye akishauliza ankara inasimama. Andika kilichoagizwa kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye oda au kwenye hadidu za rejea, yaani waraka wa mteja unaoeleza kazi anayoitaka: "Kupitia upya taratibu za ununuzi na kuandaa ripoti ya mwisho, iliyokabidhiwa tarehe fulani." Kama malipo ni kwa siku, onyesha idadi ya siku, kiwango cha siku moja, na matokeo ya kuzidisha. Gharama za safari, ikiwa mlikubaliana zirejeshwe, zipe mstari wake na uambatishe stakabadhi, wala usizichanganye na ada yako, kwa kuwa zinaweza kutozwa kodi kwa namna tofauti. Kodi ya ongezeko la thamani nayo ionekane peke yake, na hiyo ni kama umesajiliwa kuitoza. Kuitoza bila usajili ni kosa.

Mwisho weka maelezo ya benki na namba ya simu ya kuulizia, kisha utume hati katika muundo usioharirika kwa urahisi. Waambie wahasibu tangu mwanzo kwamba maelezo hayo ya benki hayatabadilishwa kwa barua pepe, na kwamba wakipokea ujumbe wowote wa kuyabadilisha wakupigie kwa namba waliyo nayo tayari. Wezi wa mtandaoni huingia katikati ya mazungumzo ya namna hii, wakajifanya mshauri na kutoa akaunti nyingine. Mteja akishatuma fedha kwa mwizi, utaingia katika ubishi mrefu kuhusu kama umelipwa au hujalipwa.

Ankara ikishakwenda kwa wahasibu, na nakala kwa kaka, usisubiri siku ya mwisho ya kulipa ndipo uanze kuulizia. Baada ya siku chache waandikie wahasibu swali la kiofisi tu: je, ankara namba fulani imesajiliwa, na kuna kitu kinachokosekana? Hilo si dai, kwa maana siku ya kulipa haijafika, na hapo ndipo utakapogundua mapema kwamba namba ya oda ilikosewa tarakimu. Siku moja baada ya tarehe ya mwisho kupita, tuma ukumbusho mfupi ukiambatisha ankara upya. Zikipita wiki mbili bila jibu, piga simu, kisha uandike barua pepe ya kuthibitisha mliyozungumza, ukitaja jina la uliyezungumza naye na tarehe aliyoahidi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mkopeshaji ndiye anayealikwa kote kuwili. Lakini mhasibu unayemwandikia hakukukopa wewe. Kwake ukumbusho wako ni kazi ya kawaida, na huenda anatuma wa kwake kwa wadaiwa wa taasisi asubuhi hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, baada ya ankara kusajiliwa, mambo ya fedha yaishie kwa wahasibu, ili kaka abaki kuwa mtu wa kuzungumza naye kazi na habari za nyumbani.

Kuhusu kuzuia vitabu vya mafunzo, ushauri wangu ni kwamba usivizuie kwa deni hili, angalau kwa sasa. Kama mlikubaliana tarehe ya kuvikabidhi, wewe utakayeichelewesha ndiye utakayekuwa umevunja makubaliano, na mteja ambaye hadi jana hakuwa na sababu ya kutokulipa utakuwa umempa. Tena ankara inayozungumziwa hata haijawafikia, kwa hiyo huwezi kusema wamechelewa. Neno langu lingekuwa jingine kama mngekuwa na kifungu kinachokuruhusu kusimamisha kazi malipo yakipita tarehe. Hata hapo, kusimamisha ni kwa kazi yako ambayo bado iko mikononi mwako. Nyaraka za mteja, nywila zake na takwimu zake haziwi dhamana kamwe, na anayezishikilia anaweza kujikuta yeye ndiye anayeshtakiwa.

Mteja wa pili ni mgumu zaidi, na sitakuficha: huenda usipate vyote. Mlipatana kwa siku, lakini hamkupatana siku ni nini. Je, siku ni saa nane? Je, simu ya dakika 40 saa nne usiku ni sehemu ya siku, au ni ukarimu? Kusoma nyaraka kabla ya kuanza ni kazi bila shaka yoyote, kwa sababu bila kuzisoma ungewashauri nini? Hapo ningesimama imara. Simu za usiku ni jambo jingine. Hukuwaambia kwamba zinalipiwa, nao walipiga wakiamini ni bure. Kwa hizo ningelegeza.

Tenganisha yasiyobishaniwa na yanayobishaniwa. Waandikie kwamba siku ambazo pande zote zinazikubali zilipwe sasa kwa ankara yake, na zilizosalia mzizungumze katika kikao kimoja mkiwa na orodha mkononi. Wateja wengi, bila hila yoyote, huzuia ankara nzima kwa sababu ya mstari mmoja wenye utata, na wewe ukiwakubalia unasubiri siku 12 zako kwa ajili ya 2. Orodha hiyo iwe na tarehe, kazi iliyofanyika na muda wake, na uiandae kutokana na kumbukumbu halisi: kalenda, barua pepe, na orodha ya simu zilizopigwa. Kama mtafikia mwafaka wa kuziachilia simu za usiku, usiziondoe kwenye ankara. Ziandike kwa bei yake kamili, kisha katika mstari unaofuata uandike punguzo la kiasi hichohicho. Mteja ataona alichosamehewa, na safari ijayo atajua kwamba simu hizo zina bei. Kwa kazi zinazoendelea, watumie kumbukumbu ya muda kila wiki, hata kabla ya ankara, kwa sababu mtu aliyenyamaza baada ya kuona siku tatu za wiki hii atapata taabu kuzikana mwisho wa mwezi.

Kwa makato uliyoyakuta, usikimbilie kuyaita wizi. Katika nchi nyingi mteja anayemlipa mshauri hulazimika kisheria kukata kodi ya zuio na kuiwasilisha kwenye mamlaka ya kodi kwa niaba ya anayelipwa. Kodi hiyo kwa kawaida ni sehemu ya kodi yako ya mapato uliyolipiwa mapema, na utaipunguza katika hesabu zako za mwisho wa mwaka, ila kwa sharti kwamba una cheti cha makato hayo. Kidai cheti hicho leo. Mteja asiyeweza kukitoa ama hajaiwasilisha kodi, ama alikata bila sababu, na yote mawili unahitaji kuyajua mapema. Vilevile, kwenye vitabu vyako andika ankara kuwa imelipwa kwa fedha na kwa cheti, usije ukaendelea kumdai mteja kile ambacho amekwisha kukilipa kwingine.

Ada za benki ni suala la makubaliano. Katika kutuma fedha nje ya nchi, anayetuma huchagua kati ya njia tatu: gharama zote zibebwe na yeye, zigawanywe kati yenu, au zibebwe zote na anayepokea. Usiposema lolote mteja atachagua, na benki za kati zinaweza kuchukua chao kwenye kiasi chenyewe kikiwa njiani. Sentensi moja kwenye mkataba, inayosema kwamba kiasi cha ankara kifike kikiwa kamili na kwamba gharama za kutuma ni za mteja, inamaliza jambo hilo.

Kuna wasomaji wataniuliza kuhusu riba ya ucheleweshaji. Sheria zinatofautiana sana. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za mwaka 2011 zinaipa biashara inayocheleweshewa malipo haki ya kudai riba ya angalau asilimia 8 juu ya kiwango rejea cha Benki Kuu ya Ulaya, pamoja na fidia isiyopungua euro 40 kwa gharama za kufuatilia deni. Jiji la New York nalo lina sheria iliyoanza kutumika mwaka 2017, inayomtaka anayemwajiri mtu wa kujitegemea kwa kazi ya dola 800 au zaidi ampe mkataba wa maandishi, na amlipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika ikiwa mkataba hautaji tarehe. Pengine unakofanyia kazi hakuna ulinzi wa namna hiyo, na hapo riba unayoweza kudai ni ile uliyoiandika kwenye mkataba kabla. Kwa uzoefu wangu wa kusoma barua kama yako, kifungu cha riba husaidia zaidi kwa kuwepo kuliko kwa kutumiwa: mhasibu mwenye ankara kumi na fedha za kulipa sita huanza na zile ambazo kuchelewa kwake kuna gharama. Sipendi sana njia ya upande wa pili, ya kutoa punguzo kwa anayelipa haraka. Punguzo la asilimia 2 kwa mteja atakayelipa ndani ya siku 10 badala ya 30 linasikika dogo, lakini ni bei unayolipa ili kupata fedha zako siku 20 mapema, na kwa hesabu ya mwaka inazidi asilimia 36. Ni nafuu kuomba malipo ya awali.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi mpya. Ningeikubali, kwa kuwa taasisi hiyo haijaonyesha kwamba hailipi. Lakini nisingeanza kwa namna ile ya kwanza. Kabla ya kufungua hata waraka mmoja, uwe na mkataba, au walau barua ya makubaliano iliyotiwa saini, na namba ya oda. Omba theluthi moja ilipwe mwanzoni. Ankara ya sehemu hiyo ina faida nyingine mbali na fedha: inapita kwenye mkondo wote wa wahasibu wakati kazi ndiyo kwanza inaanza, ili kama kuna fomu ya kumsajili mtoa huduma mpya au cheti kinachotakiwa, mjue sasa badala ya kujua ripoti ikiwa imekwisha kuwekwa kabatini.

Sehemu zinazobaki zifunge kwenye vitu unavyovikabidhi wewe, kama vile rasimu ya kwanza, mafunzo kufanyika na ripoti ya mwisho. Jihadhari na maneno "baada ya ripoti kuidhinishwa". Idhini inategemea kikao, kikao kinategemea mwenyekiti, na mwenyekiti yuko safarini. Kama taasisi inasisitiza idhini iwepo, ongeza kwamba wasipotoa maoni kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi baada ya kukabidhiwa, rasimu itahesabiwa kuwa imekubaliwa na ankara itatolewa. Ongeza pia kwamba malipo yakipita tarehe kwa idadi fulani ya siku una haki ya kusimamisha kazi baada ya kutoa taarifa, na kwamba haki za matumizi ya kazi yako zinahamia kwao malipo yanapokamilika. Haya yakiandikwa mapema huonekana ni utaratibu, na hakuna anayekasirika.

Kama umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, muulize mhasibu wako jambo moja kabla ya kutoa ankara kubwa: je, kodi hiyo unatakiwa kuiwasilisha unapotoa ankara au unapolipwa? Inapohesabiwa tangu siku ya ankara, mshauri anaweza kujikuta anailipa serikali kutoka mfukoni mwake kwa fedha ambazo hajazipata. Baadhi hutanguliza proforma, yaani ankara ya awali ambayo si hati ya kodi, kisha wakatoa ankara halisi mteja anapokuwa tayari kulipa. Uliza kama sheria za kwenu zinaruhusu, maana mahali pengine ankara lazima itoke ndani ya muda maalumu baada ya huduma kutolewa.

Na kaka umjibu hivi: "Kaka, nimefurahi sana kwa kunifikiria tena, na kazi ninaitaka. Safari hii naomba tuanze na barua ya makubaliano na oda ya ununuzi, ili nisikusumbue baadaye kama ilivyotokea kwa ile ya kwanza. Rasimu ya barua nitakuletea kesho." Ipeleke kesho kweli, ikiwa imekamilika kwa kiasi kwamba yeye abaki na kazi ya kuipitisha tu. Akikwambia mwanze, karatasi zitafuata, muulize oda inatarajiwa kutoka lini, kisha uiandike tarehe hiyo kwenye rasimu kuwa ndiyo siku ya kuanza kazi.